Sekunde Kumi na Moja

Mwanjelwa, kibanda cha kona, panapouzwa chaja na vioo vya simu,
kijana anajaza nyimbo kwenye flashi,
mia mbili kwa wimbo mmoja.
Mimi nilifuata betri ya saa.
Ndipo ikaanza ile sauti ndefu, nyembamba,
isiyopanda wala kushuka,
kama mtu aliyebonyeza kengele ya mlango
akausahau mkono wake pale.

"Hii ya zamani, mzee," ananiambia, hanitazami.
"Umeme Ukirudi. Harusi haifungwi bila hii.
Ila humo hamna watu. Kompyuta tupu."

Kompyuta.
Mwaka ule Tukuyu nzima nilijua moja tu,
ofisi ya chai, imefunikwa kitambaa cha kufuma
kama mkate.

Sisi tulikuwa na kinanda cha kwaya,
kilichotoka kwa wafadhili Wajerumani na barua ya masharti.
Ufunguo wa kabati alikaa nao mzee Mwasomola, mtunza hazina,
na Tulinagwe alikuwa bintiye wa mwisho.
Habari za ufunguo naziachia hapo.

Julai. Ukungu umeingia ndani, umevuta kiti.
Chumba cha Angolwisye fundi redio, jiko la mkaa katikati,
tunapasha vidole kwa zamu.
Ngoma tuliikuta kwenye kitufe kilichoandikwa Kijerumani;
maana yake hatukuijua, kiuno kiliijua.
Yeye koo, mimi vidole,
bendi nzima watu wawili,
na wa tatu umeme, mwenzetu asiyetunza ahadi.

Ukakatika saa nne usiku.
Tukasimamisha mshumaa juu ya kinanda cha Bwana,
tukala viazi vya kuchoma, tukangoja,
na Tulinagwe akatunga habari ya kungoja
palepale, kiazi kingali mdomoni.

Uliporudi, nta ilikuwa imeshateremka
kati ya kibonyezo cha nne na cha tano.
Nikagusa. Kikazama. Hakikurudi.
Angolwisye alishawasha kurekodi,
kanda ya mwisho, tunafuta mahubiri ya Pasaka,
hapakuwa na nafasi ya kukosea.
Nikachokonoa kwa ukucha,
nikachokonoa kwa njiti ya kiberiti,
sauti inakwenda, inakwenda,
sekunde kumi na moja, nimezihesabu tangu ujana,
hadi kikaruka,
naye akavuta pumzi, akaingia.

Hicho ndicho redio ilichokipenda.
Mtangazaji akasema vijana hawa wameisikia kesho.
Makambako stesheni, Mafinga kwa wachana mbao,
Kyela kwa wapakia mchele,
kila mtu aliianza kwanza ile sauti ndefu, kwa pua,
kisha ndiyo maneno.
Hela ilikuja mara moja, ndani ya bahasha:
mabati kumi na manne, jiko la mama yangu.

Mzee Mwasomola alikwangua nta kwa kisu cha siagi,
Jumapili, mbele ya washarika,
polepole,
hadi benchi la nyuma walisikia.
Wimbo wa pili haukuwepo.

Tulinagwe yuko Mbozi, ekari tatu za kahawa,
mume mpole, magoti mabaya.
Kila akiusikia mahali ananipigia,
hatoi salamu, anaelekeza simu kwenye spika.
Tunasikiliza wote hadi mwisho.
Anakata.

"Rudisha mwanzo," namwambia kijana.
Anarudisha.
"Hapo, kabla hajaimba. Umesikia? Ti."
Anainamisha kichwa kama kuku anayetazama punje.
"Aa, huo mkwaruzo," anasema. "Kuna programu, mzee.
Dakika mbili nakutolea, unabaki msafi kabisa."

Ni njiti ya kiberiti, ikivunjika.

Nampa mia mbili. Namwambia auache.
Nimeshafika Uyole
ndipo nakumbuka betri.