Chini ya Nusu Unywele

Nyevu, weka tochi hapo, usinimulike usoni.
Stima imekatika toka Ganjoni hadi huku Liwatoni
na matajiri wa samaki wamepiga simu mara mbili
kuulizia barafu.
Nawangoje.
Injini haiwashwi kwa kelele za mwenye changu.

Kwanza vuta kijiti. Kifute, kirudishe, kivute tena;
cha kwanza huongopa.
Oili isimame kati ya alama mbili.
Ukijaza kupita kiasi krenki huichapa ikatoka povu,
na povu halibebi mzigo.

Nyeusi, ee. Usikunje pua.
Dizeli ina masizi, na oili ndiyo iliyoajiriwa kuosha vyombo;
ukimkuta mwosha vyombo ana mikono misafi
jua hajagusa sufuria.
Ogopa ikiwa rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia.
Ogopa zaidi ukiisugua kwa vidole
ikimetameta kama magamba ya simsim.

Sasa sikiza, maana mimi hili nilielezwa vibaya.
Watu wadhani oili ni kama mafuta ya nazi kichwani,
unapaka, kinateleza, basi.
La.
Krenki sasa hivi imelala, uzito wote juu ya beringi,
na hapo ndipo inapoumia, ile mizunguko ya kwanza,
kabla hakijafika kitu.
Pampu hunyonya toka bakulini,
hupitisha kwenye chujio, husukuma katika mishipa
iliyotobolewa ndani ya chuma chenyewe.
Oili hukokotwa chini ya mhimili unaozunguka,
hubanwa penye upenyo mwembamba,
na ikibanwa haikubali.
Hunyanyua.
Chuma kizito kutushinda mimi nawe na babako
huelea, hakigusi popote,
mara elfu moja na mia tano kwa dakika,
juu ya utando usiofika nusu ya unywele wako.
Nyengine hurukia matumbo ya pistoni kuyapoza,
nyengine hupanda juu kwenye vali,
kisha yote huteremka polepole bila kusukumwa,
na moto iliouchukua huko.

Soma pale ukutani. Ni chaki ya Shebwana,
aliyeshika zamu kabla yangu:

*Chuma na chuma nduguye, wasikutane pakavu,*
*Mafuta kati yakaye, yawakinge na makovu,*
*Asopima ajutiye, kwa ubishi na uvivu,*
*Sindano ishuke, weye, zima, usilete nguvu.*

Nilikuwa nikilisoma kila usiku.
Nilikuwa nalijua kwa moyo.

Ile iliyo chini ya turubai niliiua mimi.
Mkesha wa Idi, barafu inagombaniwa mlangoni,
sindano ikaanza kushuka
nikaigonga kioo kwa ukucha.
Nikasema geji hii mbovu, tangu lini ikasema kweli.
Nikaendelea kuhesabu magunia.
Haikupiga kelele, Nyevu. Ilibisha,
ngo, ngo, kama jirani mwenye adabu
aliyekuja kuazima chumvi.
Kisha ikanyamaza katikati ya mzunguko.

Tulipoifungua, beringi na krenki vimeshikana,
vimekuwa kitu kimoja cha rangi ya samawati,
nyundo haikuvitenganisha.
Chujio lilikuwa limeziba. Chujio tu.
Bei yake haifiki bei ya kilo mbili za kamba.
Barafu ikatiririka hadi mtaroni,
paka wakala wakashiba wakalala juu ya samaki,
nami nikakatwa mshahara miezi kumi na mmoja.

Haya. Washa.
Usitazame taa, hata zikiwaka zote.
Tazama sindano.
Usiipe mzigo bado.
Imetikisika? Ngoja.
Imepanda?

Ngoja kidogo tena. Simu acha ilie.