Hita ya Gari la Jeshi

Kila mlima ulikuwa kesi.
Likifika Mapofu na mapeto arubaini ya karafuu mgongoni,
gari lile la jeshi lilichemka kama chungu cha arusi,
na Shoka akateremka, kopo mkononi,
kuomba maji nyumba za watu.
Watoto walimzoea. Wakamwita Bwana Kiu.

Nilikosha rejeta kwa ukwaju. Nikabadilisha mkanda.
Nikafunga feni ya lori jingine.
Bado.
Rejeta mpya haipatikani: kiwanda chake
kilikufa pamoja na nchi yake,
na zile herufi kwenye bamba la injini,
moja imetupa mgongo, moja imepinda kiuno,
hakuna tena Wete nzima anayezisoma.

Ndipo nikaikumbuka hita.

Shoka alicheka hadi akashika bampa.
"Hita? Pemba hii? Na koti la manyoya utanishonea?"
Sikiliza, nikamwambia. Maji ya moto ya injini
yakizunguka ndani ya kabini, feni ikayapuliza,
joto linahama. Injini inapata pumzi.
"Linahamia wapi?"
Kwako.
Akanyamaza. Akaitazama miguu yake.

Magari haya yalishuka bandarini na hita zake;
aliyeyaunda hakuuliza yanakwenda wapi.
Marehemu baba, fundi wa kambi,
alizing'oa zote wiki ya kwanza
akazigawa kama nyama ya Idi.
Moja ilifika Kangagani kwa Bi Mize Khatoro,
nami nikaikuta kule kule, pembeni mwa jiko,
imepakwa chokaa,
na ndani yake kuku ameatamia mayai tisa.

"Ngoja yaanguliwe," akasema,
"halafu mapeto yangu utayapeleka Chake bure."

Tukangoja siku kumi na mbili.
Shoka alikuja kila alasiri kumchungulia kuku
kama mume mlangoni mwa wodi ya wazazi.

Saba walitoka. Mawili viza.

Niliibeba hita kichwani, nikaisugua kwa mafuta ya taa,
nikaizamisha ndani ya beseni na kuipuliza kwa mdomo:
mapovu mahali pawili. Nikalehemu.
Mipira nilikata kutoka pampu mbovu ya skuli,
klampu nikasokota kwa waya.
Matundu ya kupitishia yalikuwepo tangu zamani
kwenye ukuta wa kabini, yamezibwa kwa kitambaa na lami.
Kazi ya baba.
Nikachokoa kwa bisibisi. Kikatoka kipande cha gwanda,
mkono wa kulia, kifungo kingali kimeshonewa.
Nilikaa kidogo na kile kifungo.
Kisha nikakitia mfukoni, nikafunga bolti zote nne.

Feni ilipozunguka mara ya kwanza
ilitema unyoya mmoja mweupe
ukamtua Shoka kwenye sharubu.

Asubuhi ya kipupwe, manyunyu kidogo, tukaondoka watatu,
Bi Mize katikati.
Mapofu. Gia ya pili. Gia ya kwanza.
Mshale ukapanda, ukagusa wekundu, ukasita
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani,
ukarudi.
Watoto walikuwa wameshatoka na makopo yao, yamejaa;
tukawapita, wakabaki na maji yao wakitutazama.

Shoka amebaki na fulana, kichwa nje ya dirisha,
jasho linamtona kidevuni,
nyayo zake, asema, zimeshaiva, zinangoja chumvi.
"Basi zima," akaniambia, "mlima tumeumaliza."

Nikanyoosha mkono kwenye koki.

Bi Mize alikuwa amevua makubadhi.
Magoti yake, yale yanayomwamsha kila kipupwe kabla ya adhana,
ameyaelekeza kwenye tundu la hita,
kanga kaipandisha kidogo, macho kayafumba.

"Jaribu," akasema.