Avuviyaye Haimbi

Sandukuni mwa babangu
juzi nilitoa vyangu
vya urathi, fungu langu:
tarumbeta mbovu moya.

Shaba imejaa kutu,
tangu sitini na tatu
imekaa bila mtu
wa kuja kuivuviya.

Alikuwamo bendini,
sare nyeupe mwilini,
siku ya Idi, Ngomeni,
bendera ikipepeya.

Akishatoka Liwali,
watu husimama mbali,
na juwa likiwa kali,
wimbo ukiwashukiya.

Wimbo wake Maulana
maneno haukuwana,
hata silabi hapana,
ni shaba inayoliya.

Nna myaka sita, saba,
nikamuuliza: "Baba,
yasemani hiyo shaba?
Maneno yamepoteya?"

Akafuta kwanza mate
kwa leso, yatoke yote,
akanena, asisite,
kicheko kikimngiya:

"Avuviyaye haimbi;
maneno mimi siombi,
si thawabu wala dhambi,
nalipwa kwa kuvuviya."

Lakini sisi Kuzeni,
watoto wa mitaani,
tukatiya yetu ndani,
ndivyo tulivyozoweya:

"Mahamri yako wapi?
Mbaazi nazo ni zipi?
Bwana ashiba, hatupi,
harufu yatufikiya."

Mamangu Bi Mwanakheri
alinifinya: "Ghairi,
kuta za mji si siri,
wako wanaosikiya."

Na jioni, akikuna
nazi, nikamwona tena
midomo ikinong'ona
maneno yetu ya ndiya.

Disemba ikawasili,
nyekundu ikenda chali,
ikakunjwa mara mbili,
sandukuni ikangiya.

Baba akapiga tena,
mara ya mwisho, twaona;
noti moja ikanuna,
katikati ikafiya.

Majirani wakasema:
"Feruzi, moyo wakwama."
Mwenyewe alisimama,
akakana akiliya.

Si kwa Seyidi, najuwa;
babuye kanunuliwa,
jina jipya akapewa
ambalo tumerithiya.

Alililiya umri
na pumzi za fahari
ya mtu; sasa sifuri,
hewani zishaishiya.

Leo hupita wageni
na tikiti mkononi,
wala hawaulizani
wimbo gani uliliya.

Jana nikaijaribu:
vumbi, kutu, na taabu,
kisha ikatoa jibu:
noti moya, ikafiya.

Dirishani kwa jirani
Bi Time, wa utotoni,
akamalizia ndani:
"Harufu yatufikiya."