Sahihi

Posta hufika saa tano, theluji ikiruhusu.
Leo barua kumi na moja. Hakuna iliyo yangu,
na zote nitazijibu mimi.

Mume wangu Tauno aliruka kwa skii miaka kumi na sita.
Siku moja, kilimani Lahti, alikaa hewani
muda uliomtosha mama yake, kule jukwaani,
kusali Baba Yetu hadi mkate wetu wa kila siku.
Sasa anakaa dirishani, kijiko kikimshinda,
mkono wa kulia ukicheza
kama kifuniko juu ya sufuria ya viazi.

Waandikao hawajui. Kwao bado ana miaka ishirini na sita,
masharubu membamba, kofia ya buluu.
"Wewe ndiye shujaa wa maisha yangu, Bwana Räihä,"
aandika mtu wa Leipzig, na katika aya ya pili
amesahau kufuta jina la mwendesha baiskeli.
Mwingine ametia bahasha ya kurudishia, ahsante,
yenye stempu ya Japani, ambayo huku Kajaani
ni picha nzuri ya korongo, basi.

Halafu kuna Emil.
Emil ana miaka tisa, ni mgonjwa, damu yake haifai,
baba yake aandika kwa niaba: ndoto ya mtoto
ni kadi nne zenye sahihi. Nne.
Mwaka jana Emil alikuwa na miaka tisa.
Mwaka juzi pia.
Mwaka wa kwanza nilimwombea kwa jina.
Mwaka wa pili nilituma, nikanyamaza.
Safari hii nimekaa na kalamu, nimehesabu kwa vidole,
nikafurahi, Mungu anisamehe, kwamba hayupo:
mtoto asiyekuwapo haugui.

Nimuumbue baba mtu? Kwa mdomo upi?
Tangu mkono wa Tauno uanze kumkana
mtia sahihi ni mimi. Najua T yake inavyoegemea upepo,
najua nukta mbili juu ya a ya mwisho,
alivyokuwa akizitupa kama atiaye chumvi.
Nilijifunza usiku, jikoni, nyuma ya bili za umeme.
Yule adanganya apate, mimi nadanganya nitoe;
bahasha zetu zapishana njiani
wala hazisalimiani.

Binti yetu Sirkka asema, zirudishe tupu, mama.
Au andika: Bwana Räihä hawezi tena.
Nimeandika. Iko kwenye droo tangu Machi.
Maana siku gari la posta lipitapo bila kusimama
Tauno huuliza, "Leo hakuna?"
na sina jibu la kumpa.

Chini kabisa, leo, bahasha ya kahawia.
Heino Lepasaar, fundi viatu, Tartu.
"Sikuwahi kukuona ukiruka. Nakusanya tu,
kama wengine wakusanyavyo vizibo.
Sitaiuza. Nikifa, sijui wanangu watafanyaje.
Kama umechoka, baki na stempu."
Stempu ni ya Kifini; aliitafuta.

Nilijaribu T moja pembeni mwa gazeti.
Ikatoka nzuri mno.
Nikachukua kadi, nikampelekea mwenyewe.

Asubuhi yote ikaishia hapo.
Nilimshikia kadi, sikumshika mkono.
T ilianguka kifudifudi. Zile nukta
zilitua kwenye kitambaa cha meza, zipo mpaka sasa.
Akaitazama kadi kama mtu aliyetua vibaya
lakini kwa miguu yake.

Kesho naituma, na yatakayofuata nayajua.
Heino atamwonyesha mwenzake
mwenye sahihi tatu za Tauno, za kununua sokoni,
zimenyooka zote, zote za mkono wangu.
Watavaa miwani. Watalinganisha.
Na yule fundi, mtu mkweli kuliko sisi sote,
atatikisa kichwa taratibu:
hii siyo sahihi.