Pulizo la Tatu

Kishale chekundu nakirudisha sifuri,
nafuta mdomo wa bomba kwa spiriti, nasema:
vuta, jaza kifua, kisha puliza kwa mpigo mmoja
kama mtu azimaye kibatari cha chumba cha pili.

Mzee Nkwabi anauliza, kibatari cha nani?
Misimu ishirini na sita alichochea moto wa bani
kule Urambo, usiku kucha,
majani ya tumbaku yakiiva njano juu ya utosi wake.
Mia moja arobaini.
Mia moja thelathini, na kikohozi.
Pulizo la tatu analipuliza ameshika chuma cha kitanda.
Fomu yataka namba kubwa kuliko zote,
haiulizi alishika nini.

Bi Nyamizi hajawahi kuonja hata sigara.
Kapikia harusi za Kiloleni, kapikia misiba ya Cheyo,
kuni mbichi, sufuria za watu mia,
macho kayafumba, kifua wazi.
Upepo unamponyoka penye pengo la meno,
kishale kimekaa pale pale.
Anacheka mpaka anakohoa, nami nacheka.
Naandika: rudia.

Hilali, gadi wa treni ya Mpanda,
akitia bomba kinywani
mkono wa kulia unanyanyuka wenyewe
na bendera isiyokuwapo.
Mia tatu na kumi!
“Imeondoka,” asema, na chumba kizima
chamtazama kwa kijicho.

Kitanda cha tisa kimetandikwa, shuka limekazwa.
Mwezi jana Bi Mwavita alipata tisini,
akaniomba nimwongezee kumi, za heshima.
Sikumwongezea.
Fomu ina visanduku vitatu: amekataa, hayupo,
na kile cha chini.
Kalamu ya bluu imekauka, naikwaruza pembeni mwa karatasi.

“Na wewe je?” Nkwabi anasema.
“Tangu Januari unatupima, wewe hatujakuona.”
Nabadilisha kipande cha mdomo. Napuliza.
Mia nne na ishirini.
Wakapiga makofi, Nyamizi akapiga kigelegele
kama niliyejifungua.
Nkwabi peke yake mikono i magotini.
“Nyingi hizo,” akasema. “Wazipeleka wapi?”

Sikuwa na jibu, na saa kumi ilikuwa imefika.
Ni Septemba, wanachoma nyasi ng'ambo ya reli,
majivu mepesi yanatua kwenye daftari,
juu ya mia moja arobaini, juu ya mia tatu na kumi.
Nimeyapuliza, yakatawanyika,
kisha nikazunguka kitanda hadi kitanda
nikifunga madirisha.