Safu ya Kurejea

Kuondoka: saa nne na dakika kumi na mbili.
Kurejea: karani kaweka nukta ya penseli,
kisha hakuandika kitu.

Hukubeba bunduki, Rubani Imrie.
Kamera mbili tu, na petroli ya kutosha
kutoka Uskoti hadi huku kwetu Norwe
uzihesabu meli zilizojibanza chini ya milima.

Picha zako za wiki iliyotangulia ninazo mezani.
Kwa lenzi naliona ghala la babu,
nyasi zilizoanikwa kwenye waya,
shuka nne nyeupe,
au labda ni theluji iliyokataa kuyeyuka.
Kila kitu kimo, ila wewe:
jicho la kamera lilitazama chini.

Miaka sita naandika barua, nafungua majalada.
Jana mama, akimenya viazi,
akauliza hasa natafuta nini.
Nikamwambia.
Kisu kikasimama.

“Ile iliyokohoa?
Ilipita juu ya zizi la akina Tveitane,
ikakohoa mara mbili,
ikaingia kwenye wingu, ng’ambo ya maji.
Nilikuwa na miaka saba.
Hakuna aliyeniuliza.”

Akaokota kiazi kingine.