Mdomoni mwa Sato

Miaka sita nimepima samaki kwa rula ya mbao
iliyopauka penye sentimita ya tisa, dole gumba linapokaa.
Ndalahwa huita urefu, mimi naandika;
akipiga chafya, anaita upya.
Sato, jike, ishirini na nne.
Sato, jike, kumi na saba, tumboni mayai.
Mwaka wa kwanza hatukuona jike mdogo hivyo mwenye mayai
katika hori ile nyuma ya Luchelele.
Mwaka wa sita walijaa ndoo,
kama wanafunzi wa darasa la sita waliobebeshwa mimba.

Nikaandika ripoti. Kurasa mia mbili na kumi na nne,
jedwali limepanda mgongoni mwa jedwali,
na neno "huenda" mara sitini na tatu.
Nililihesabu usiku umeme ulipokatika,
kwa mwanga wa simu.

Kutoka maabara hadi ofisi ya halmashauri
ni mwendo wa kumaliza muhogo mmoja wa kuchoma.
Ripoti iliutembea miezi kumi na minne.
Ikapigwa muhuri wa kupokelewa,
ikapigwa wa kusomwa,
ikalazwa kabatini, kisha ikatolewa ikalie birika.
Nilipoikuta ilikuwa na duara la chai
juu ya jina langu.

Usinitajie daraja. La Kigongo nimeliona,
nimeona nguzo zikizama kutafuta mwamba.
Maji yana kina, na kina hupimwa.
Lakini kati ya meza na meza
utatumbukiza kamba gani?

Bi Nyanjige, mwanasheria, hakuwa mtu mbaya.
Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.
"Mtaalamu, sheria haiijui huenda.
Inajua marufuku, na tarehe.
Nipe sentensi moja. Kikao ni Alhamisi."

Sentensi moja!
Nikarudi nimevimba, hasira nikammwagia Ndalahwa.
Yeye kainamia beseni, kamshika sato jike, hai,
anamfunua mdomo kwa ncha ya kidole.
Mle ndani watoto:
vumbi lenye macho.
"Huyu hajala siku nyingi," akasema.
"Akiwatema mapema, wanaliwa.
Akiwafumbata mno, watamfia humo humo."
Akamrudisha majini polepole.
Halafu akanitazama mimi.

Jumatano usiku nilifuta "huenda" sitini na mbili.
Moja ilinigomea. Nikaiacha.

Alhamisi, diwani Mafuru akaegemea kiti:
"Una uhakika, binti?"
Nikasema: wa nilichopima, ninao.
Wa kesho sina; niulizeni tena kila mwaka,
na hiyo sheria iandikwe kwamba mtaniuliza.
Ukumbi ukatulia. Feni ikaendelea kulalamika.
Bi Nyanjige akaandika, akakata, akaandika:
hori ifungwe miezi mitatu sato wanapolea,
ipimwe upya kila mwaka, kabla ya kufungwa tena.
Ile "huenda" yangu moja
ilikuwa imepata kiti ndani ya sheria,
imekaa pembeni, magoti pamoja, kama mgeni.

Ningependa kuishia hapo.

Ila nyuma, karibu na mlango, alisimama Mama Mugasa,
mwenye mitumbwi miwili na wajukuu watano,
mikono bado ina magamba.
"Nimewasikia wote," akasema, "na samaki nimemwelewa.
Miezi hiyo mitatu mimi nile nini?
Rula?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Katibu aliuliza kama aliandike hilo.
Mwenyekiti akatazama saa.

Nimerudi kuzipekua kurasa zote mia mbili na kumi na nne.
Swali lake halimo.
Jioni nikapita Kirumba, nikanunua daftari jipya,
na juu ya ukurasa wa kwanza, mahali pa jina la samaki,
nimeandika: Mugasa. Wajukuu watano.
Bado sijajua anapimwa kwa nini.